Rufaida Hajapata Nafuu

Barani,
Malindi.
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Msellem,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Salha na watoto. Presha yako vipi? Nasikia joto la Maskati mwaka huu limezidi na nyinyi mnaofanya kazi juani mnapumzishwa adhuhuri. Kunywa maji, tafadhali, na hizo dawa za presha usizimeze zile siku unazokumbuka tu. Mimi magoti yananisumbua kama kawaida, lakini natembea, na chakula kinapita kooni. Alhamdulillahi.

Utashangaa kupata barua ya kalamu wakati sote tuna simu. Lakini ukipiga simu nyumba hii huwekwa kwenye spika, watu wamezunguka, na kila mmoja anamkanyaga mwenzake mguu asije akateleza ulimi. Kwa hiyo nimeandika, na nimempa jirani yetu wa Mambrui anayerudi kazini huko akukabidhi mkononi. Nimemwambia asikupe mbele za watu. Kaa kitako kwanza, kisha uendelee kusoma.

Msellem, Rufaida hajapata nafuu. Yale unayoambiwa, kwamba amelazwa apumzike kidogo, kwamba homa imeshuka, kwamba simu haziruhusiwi wodini ndiyo maana hamsemezani, si kweli. Mwanao yuko ICU, kile chumba cha wagonjwa mahututi. Anapumulishwa na mashine. Ana maambukizi kwenye mapafu na kwenye damu, na madaktari wametuambia tujiandae. Yu hai ninapoandika. Nakwambia hilo mapema ili usiruke mistari ukitafuta neno la msiba, maana halimo.

Najua kwa nini wamekuficha. Ndiyo desturi yetu, mtu aliye ng'ambo hashtuliwi. Baba alipofariki wazee walikwambia ni mgonjwa kidogo tu, ukaja na mkoba wa zawadi na dawa ya kuchua, ukamkuta kaburini. Siku ile ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba ukifichwa mara nyingine hutakanyaga tena Malindi. Wenzangu wamesahau, au wamejisahaulisha. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya shati ulilovaa.

Sasa nikupe habari tangu mwanzo, na usinikasirikie mpaka umalize.

Kwa haki yake, uzazi wa kwanza Rufaida angekuja kujifungulia kwangu, kwa kuwa ndimi niliyemlea tangu mamake, Mungu amrehemu, alipotutoka. Lakini masika ya mwaka huu yaliigeuza Barani kuwa ziwa. Chumba cha ndani kililowa mpaka godoro likaota ukungu. Ikakubaliwa akae kwa mumewe Taufiq huko Shella, na mama mkwe wake, Bi Somoe, amtunze. Mimi nikaenda Mtwapa kwa mwanangu kungoja nyumba ikauke.

Bi Somoe unamjua. Mwanamke akijifungua Shella, yeye ndiye anayeitwa kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo mpaka arubaini itimie. Mikono yake imewainua wengi. Mimi mwenyewe alinikanda enzi zangu, na sifa hiyo sitamnyang'anya hata leo.

Mtoto alikaa vibaya tumboni, kwa hiyo alizaliwa kwa operesheni. Ni msichana, mzima kabisa, kichwa kizima nywele, na akilia mtaa unajua. Siku ya kuruhusiwa kutoka, sista wa wodi alimwambia Taufiq kwamba mshono ukae mkavu, usikandwe, usifungwe, na mama akipata homa arudishwe papo hapo. Taufiq alisikia yote. Alipofika nyumbani akamkuta mamake ameshateleka sufuria la maji, akanyamaza. Ni kijana mpole, na kwetu mambo ya uzazi ni ya wanawake, mwanamume haulizwi wala haulizi. Nimemuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba aliona haya.

Basi Rufaida akakandwa. Kila asubuhi alikandwa kwa maji ya moto, kisha akafungwa tumbo kwa leso, mzunguko juu ya mzunguko, ikakazwa kabisa, ili tumbo lirudi lisibaki la kizee. Kwa aliyejifungua kawaida hiyo ni raha tupu. Huyu alikuwa na mshono. Leso ilishika jasho na maji, na kidonda kikakaa chini yake bila kuona hewa. Kilipoanza kutoa majimaji, Bi Somoe alifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya dukani ambavyo sisi sote tunavimeza kwa jino, kwa kikohozi na kwa kila kitu. Akanyunyiza unga wake juu ya mshono, akafunga tena.

Homa ilipokuja ikaitwa homa ya maziwa. Harufu ilipokuja, chumba kikafukizwa udi. Chumba cha mzazi sharti kinukie, na kwa Bi Somoe chetezo hakizimi, kwa hiyo aliyeingia alisifu tu udi na kutoka. Mgonjwa akapewa uji wa pilipili manga, akautapika, ikasemwa ni jicho la watu. Rufaida mwenyewe, unavyomjua, hakulalamika. Alimwambia mumewe tu kwamba anasikia baridi.

Nilirudi kutoka Mtwapa nikapitiliza moja kwa moja Shella kumtazama, kuku wa kienyeji mkononi. Nilimkuta amelala ubavu, midomo imekauka, ananitazama kana kwamba mimi ni mgeni. Vidole vilikuwa baridi na paji la uso linaunguza. Nikamwambia Bi Somoe nataka kuona tumbo. Akakataa, akasema mzazi hafunuliwi ovyo. Nikalifungua mwenyewe. Nilichokiona sitakuandikia. Itoshe tu kwamba Bi Somoe aliketi sakafuni akashika kichwa, na Taufiq akatoka mbio kutafuta gari.

Hospitali walimpasua tena siku ile ile. Walisafisha usaha, na wakamtoa kizazi, kwa kuwa kilikuwa kimeshaharibika na kingemuua. Kwa hiyo mtoto huyu ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Rufaida hajui. Kila nikifikiria kwamba ipo siku mtu atalazimika kumwambia, naomba hiyo siku ifike, maana itakuwa yuko macho.

Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Presha ilianguka, figo zikagoma, pumzi ikawa fupi. Ikabidi apelekwe hospitali nyingine yenye mashine, huko njia ya Kilifi. Jina lake nitakutajia ukija, sitaki uanze kuwapigia watu simu na kuwagombeza. Kabla ya kumlaza kwa dawa wamtie mpira wa kupumulia kooni, waliniruhusu nisimame karibu. Nilimshika mguu.

"Shangazi, mtoto amenyonya?"

Nikamwambia amenyonya, ameshiba, amelala. Haikuwa kweli, mtoto alikuwa analia mikononi mwa jirani. Tangu hapo Rufaida hajasema neno.

Humo ICU, Msellem, si mahali pa kuingia kama sokoni. Anaingia mmoja, akitoka ndipo mwingine aingie. Unavua pete na saa, unanawa mpaka viwikoni, unavaa kanzu yao, barakoa na glavu. Vidole vyangu vimepasuka kwa kunawa. Tasbihi, marashi, chupa ya zamzam, vyote vinabaki nje. Watu wetu walikuja ukoo mzima, kila mmoja anataka amshike mkono, amsomee na kumpulizia. Wakazuiwa mlangoni na sista mmoja wa Kigiriama, Gladys, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye akisimama hasogei. Walimsema kwamba hana utu. Mimi pia siku ya kwanza nilimnunia.

Kisha nikaelewa. Kitanda cha pili alilala mama mmoja aliyegongwa na bodaboda. Majeraha yake yalikuwa yanakauka, wanawe wameanza kucheka barazani. Akapata homa mpya humo humo ndani. Sista Gladys alinieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mpira ule unaomuokoa mtu ndio huohuo unaovipa viini vya maradhi njia. Mgonjwa hawezi kukohoa, uchafu unashuka mapafuni. Na wapo viini vinavyoishi hospitalini, vimeshaonja kila dawa mpaka vimezizoea, vinahama kwa mkono wa mtu, kwa nguo, kwa ukingo wa kitanda. Yule mama alifariki. Kitanda kikasuguliwa kwa dawa, kikakaa kitupu. Haukupita muda, Rufaida naye akapandwa na homa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tumbo lilikuwa linapona. Figo zilikuwa zimeanza kurudi, wakawa wanazungumza habari ya kupunguza mashine. Nilikuwa nimeshaanza kupanga atalala chumba gani akitoka. Ugonjwa huu wa pili haukutoka Shella, ameupata palepale alipopelekwa kupona. Sijui nimkasirikie nani. Sista Gladys namuona ananawa mpaka mikono yake ni kama yangu, na wagonjwa ni wengi kuliko masista. Bi Somoe nina hasira naye, sitaki kukudanganya, usiku nasali na bado ninayo. Lakini huu wa pili siwezi kumtwika yeye.

Daktari wake ni Chengo, kijana tu, angekuwa mwanangu wa mwisho. Alituita mimi na Taufiq katika kijichumba chao. Alisema walipima makohozi na damu, wakajaribu dawa moja baada ya nyingine, na viini havikufa. Aliuliza kama nyumbani tulizoea kununua vidonge dukani na kuviacha tukipata nafuu. Sikuwa na la kuficha, nikamwambia hata mbuzi wangu nimewahi kumpa. Hakucheka. Akasema imebaki dawa moja, kali, na ukali wenyewe unaziumiza figo, lakini wameshaianza. Nikamuuliza isipofaa itakuwaje.

"Mama, baada ya hiyo sina nyingine."

Akatazama meza. Nilimshukuru kwa kutonizungusha.

Bi Somoe huja na sisi karibu kila siku. Haingii. Anaketi kwenye benchi karibu na ukuta, buibui lake limemzidi kwa namna alivyokonda. Wanawake wa Shella wanaomfuata awakande amewakataa. Juzi alinishika ukingo wa leso akaniambia, "Wallahi nilimkanda kama niliyemzaa." Nikamwambia najua. Na kweli najua, ila niliinuka nikaenda kunawa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nichukue kalamu. Sista Gladys amesema huenda mgonjwa akasikia hata akiwa amelazwa kwa dawa. Kwa hiyo simu hutiwa ndani ya mfuko safi wa plastiki, ikasogezwa karibu na sikio lake. Kwanza alisikilizishwa mtoto akilia, na tukaona mapigo ya moyo yakipanda kwenye kioo cha mashine. Kisha akasikilizishwa ujumbe wa sauti uliomtumia wewe.

Unakumbuka ulisema nini? Ulisema umefurahi mno kusikia amepata nafuu. Ukamtania kwamba anadekea kitanda ili asifue nepi. Ukacheka, ukamwambia likizo yako ni Disemba na utamletea halwa. Nilikuwa nimesimama miguuni pake, nimevalishwa kama mchinjaji wa kuku. Chozi likamtoka jichoni likateremka mpaka sikioni. Sista alisema tusilihesabu sana, macho ya wagonjwa hawa hutoa machozi yenyewe. Huenda. Lakini mimi niliona mtoto wangu anadanganywa kwa sauti ya baba yake, na baba mwenyewe hajui kama anadanganya. Nilipotoka nikamwambia Taufiq kwamba nakuandikia. Akainamisha kichwa, hakunizuia.

Liko jambo moja tena, na hili ndilo linalonifanya nikuharakishe.

Mtoto yuko kwangu, nyumba imekauka. Anakunywa maziwa ya kopo na anaongezeka, masha'Allah. Siku yake ya saba ilipita bila kuchinjiwa akika wala kupewa jina, kwa sababu Rufaida alikuwa ameshaanza homa, na kwa sababu alisema jina utalichagua wewe. Nawe uliahidi kulitafuta zuri. Kisha haya yakatupata na hakuna aliyekuuliza tena.

Ijumaa iliyopita baada ya sala, wanaume wa pande zote mbili walikaa barazani kwangu. Nilikuwa jikoni nachemsha chupa za mtoto. Nikawasikia wanasema mtoto hawezi kuendelea kukaa bila jina, akika imechelewa, mbuzi wapo. Wakashauriana kwa upole kabisa, wakakubaliana aitwe Rufaida.

Msellem, wewe unajua. Kwetu mtoto hapewi jina la mamake ila mama awe ameshaondoka. Nilitoka na leso begani, sikujitanda hata vizuri, mbele ya wanaume wote wale.

"Mwenye jina hilo bado anapumua," nikawaambia.

Mmoja wao akanijibu polepole, bila ubaya, kwamba inayopumua ni mashine. Sitakutajia ni nani, kwa kuwa utamkuta hapa na sitaki mgombane.

Nikawaambia babu wa mtoto hajaulizwa. Wakasema utaarifiwa baadaye, kwa wakati wake. Nikasema ataulizwa sasa, na mpaka ajibu hakuna mbuzi atakayechinjwa katika ua wangu. Wamekubali kungoja, shingo upande. Hawatangoja sana, na nikisema kweli hata mimi sijui Rufaida atangoja kiasi gani.

Kwa hiyo njoo. Usisubiri Disemba. Mwambie tajiri wako ukweli, na akikataa kukupa ruhusa, njoo hivyo hivyo. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta, ningekuahidi ningekuwa sawa na wale wanaoshika simu. Sista Gladys amesema ukifika atakuvalisha mwenyewe. Hutaweza kumbusu mwanao, na mkono wake utaushika kwa glavu. Lakini utamsemesha kwa kinywa chako. Njoo na jina la mtoto, umtajie mamake sikioni. Liwe lolote utakalopenda, isipokuwa hilo walilolichagua.

Taufiq anakusalimu. Anaogopa kukutazama usoni, mpokee ukiweza. Bi Somoe anakuomba radhi, na hilo mtalizungumza wenyewe, mimi simsemei. Nisalimie sana wifi Salha, mwambie asinilaumu kwa kukushtua. Mundhir na Asya wabusu kwa niaba yangu, mara mbili mbili, maana huku siruhusiwi kumbusu mtu.

Kila ukipiga simu huambiwa kwamba Rufaida anakusalimu. Hajakutumia salamu, Msellem. Hawezi, na mimi sitamtungia.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe moyo wa kuyabeba haya, na amwachie mwanao pumzi zake mpaka usimame pale kitandani.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanabibi.